Rola Isiyosimama

Jumatatu hiyo Kengele hakutulia. Alikunja mashuka ya hospitali akayakunjua tena, akaenda kunywa maji bila kiu, akarudi akakuta ameacha mkasi juu ya rundo la foronya, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine kwalo.

Jina la Kengele alipewa na wenzake wa kiwanda cha dobi kwa sababu ya kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni. Kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, alikigonga, na watu wote wakasimama duara: wafuaji, wapiga pasi, fundi, hata msimamizi. Kila mmoja alitakiwa kutaja jambo moja lililomtia hofu wiki iliyopita. Jibu la "mimi sina" halikukubaliwa. Na lililosemwa kwenye duara, hakuna aliyeadhibiwa kwalo. Ndiyo yalikuwa makubaliano tangu bomba la mvuke lilipomuunguza mama mmoja wa zamu ya mchana. Bomba lile kila mtu alikuwa ameliona likivuja. Kila mtu alidhani mwenzake ameshasema.

"Hapa kwetu si dobi, mama watoto," mumewe alimwambia nyumbani kila alipoanza kukagua waya wa jiko.

Sasa msimamizi alikuwa ameufuta mkutano huo wa duara, mara ya pili mfululizo. "Mizigo imetukaba," alisema. "Tutaongea tukipumua."

Upande wa pili wa ukumbi wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa akilisha mashuka mabichi kwenye rola ya moto ya kupigia pasi. Mbele ya rola kulikuwa na kizuizi cha vidole, ubao mwembamba ambao ukiguswa tu, mashine husimama. Kilikuwa chepesi mno. Hata pindo la shuka liliisimamisha rola, na wifi alizoea kukitukana asubuhi nzima.

"Wifi, mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Rola yako leo haijasimama."

"Si ndiyo raha? Leo ina adabu. Ulitaka isimame ili iweje, tuimbe?"

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nenda kakunje mashuka yako, acha kunipigia ramli."

Kengele akamtafuta fundi. Fundi huyu, aliyeitwa Mnara kwa urefu wake, kwenye duara alikuwa wa kwanza kusema na wa mwisho kunyamaza. Leo alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya kukaushia, akifuta bisibisi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kaka, rola ina nini?"

"Ina nini? Si inafanya kazi." Hakumtazama. "Kwani mkutano haupo kabisa?"

"Umefutwa. Una neno?"

"La kwenye mkutano tu, dada."

Kengele alikwenda moja kwa moja mlangoni akaigonga reli. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, kwa mazoea. Msimamizi akatoka mbio, kalamu sikioni.

"Nani kafa?"

"Bado," Kengele alisema. "Ni mkutano, bosi."

"Si nilisema hakuna? Gari la hospitali liko getini."

"Ulisema, ndiyo. Anza wewe, tumalize upesi."

Msimamizi alilitazama duara, ambalo lilikuwa limeshajipanga. Akasema hofu yake ni gari lile kuondoka tupu. Watu wakacheka. Mnara hakungoja zamu yake.

"Kizuizi cha rola nilikifunga kwa kitambaa Jumamosi, mlipokuwa mnalalamika. Nilipanga kusema leo asubuhi. Nje ya duara ni kufukuzwa kazi, mnajua wenyewe."

Wifi alivitazama vidole vyake, akavificha kwapani.

"Na mimi nasukuma pindo mpaka pale pale kwenye kizuizi," alisema polepole. "Najua itasimama."

Msimamizi alifungua mdomo. Kengele akamkazia macho. Msimamizi akaufunga, akauchukua ule mkasi juu ya foronya, akampa Mnara akakikate kitambaa.

Rola ilipowashwa tena, pindo la shuka la kwanza likagusa kizuizi, mashine ikasimama. Wifi akaitukana, safari hii kwa sauti ya chini. Kengele alirudi mezani kwake akakunja shuka, sikio bado liko kule, akingoja isimame tena.