Upande Laini wa Plaiwudi

Juzi nilikwenda Nakawa kununua plaiwudi ya kugawa chumba changu cha kupanga. Muuzaji akaigonga mara mbili kwa kidole. "Sikia mwenyewe, nyabo. Hii haipitishi hata kikohozi." Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Wewe uliyekulia kambini unajua kwa nini. Kwetu, kwenye kambi ya polisi upande wa Nsambya, familia mbili zilipewa chumba kimoja, na katikati ikapigiliwa plaiwudi. Upande laini ulitutazama sisi, kwa kuwa baba alikuwa na cheo kikubwa zaidi. Jirani akapata upande wa mafundo. Ubao haukufika darini. Jirani, mke wa konstebo kutoka kaskazini, akigonga mara mbili, mama alijua ni chumvi, akaipitisha juu kwenye bakuli. Jumapili bakuli lilirudi na mboga ya majani machachu iliyoungwa kwa karanga na simsim, nami nikalamba vidole mpaka jioni.

Tulisikia kila kitu: mafuta yakichemka, sala, mtoto akifundishwa kuhesabu. Lakini kambini kulikuwa na adabu yake. Ulichosikia kupitia plaiwudi, hukukisikia. Nilipouliza ni adabu gani hiyo, mama alijibu, "Ule ni ukuta."

Jumapili moja baada ya misa, mume wa jirani alianza kumpiga. Halikuwa jambo jipya, na mama aliongeza sauti ya redio kama kawaida. Kisha ubao ukagongwa mara mbili, ukatikisika wote.

"Mama, anatuita," nikasema.

Mama alikuwa akichagua mchele. Akaongeza redio tena. Baba aliendelea kung'arisha viatu vya gwaride.

Jirani alirudi kutoka hospitali baada ya siku nne, sikio la kushoto limekufa. Alimkuta mama bombani, akamsalimia vizuri, akaulizia hali ya watoto. Kisha akasema taratibu, "Redio yenu ina sauti nzuri, dada."

Hakugonga tena kuomba chumvi.

Vile vyumba vimebomolewa. Bado naitamani ile mboga, na lile bakuli likipita juu ya vichwa vyetu, na nachukia kwamba naitamani. Mama sasa anakaa kwenye fleti ya zege, na huisifu kwa kila mgeni: kuta nene, jirani humsikii kabisa. Wiki iliyopita nilimuuliza, na yule wa kambini, tulipokuwa tunamsikia?

Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya televisheni.