Bustani ya Mama Chini ya Tebeswet

Nakumbuka asubuhi niliyoshika jembe nikaingia bustani ya mama nyuma ya jikoni, nikiwa na hasira ya mtu aliyeachiwa wadogo watatu kabla hajamaliza darasa la saba. Baba alitangulia, mama akafuata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, basi mimi ndiye niliyeacha shule.

Mwanangu, bustani ile ilinitia aibu. Majirani walikuwa wamepanda chai mpaka mlangoni, imenyooka vizuri. Sisi tulikuwa na mti mmoja wa tebeswet na mboga za kienyeji zimechanganyika chini yake: managu hapa, saga pale, nderema ikipanda inapotaka. Nilidhani mama alikosa tu muda wa kupanga. Nikaamua kung'oa kila kitu, halafu nikate mti, nipande chai kama watu.

Nusu ya managu ilikuwa imelala chini wakati Kogo, nyanya wa boma la jirani, alipopita na maji yake. Akayatua. Hakunisalimia.

"Hiyo chai utachuma lini?"

Nikamwambia, labda baada ya miaka mitatu.

"Sawa. Chai inapanda lori inaenda. Na hiyo miaka tatu utapikia hawa watoto nini? Lori?"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Tangu mazishi watu walikuwa wakinihurumia tu. Hakuna aliyenigombeza kama mtoto wa nyumbani.

Aliningoja nimalize, kisha akanizungusha kwenye bustani niliyodhani naijua. Saga mama aliiweka ukingoni, jua la asubuhi linakofika. Managu ilikaa katikati, penye jua linalochujwa na matawi. Nderema iliegemea shina, maana kivulini majani yake hunenepa. Na majani ya tebeswet yaliyoanguka ndiyo yaliyokuwa mbolea. Hakuna kilichokuwa hapo kwa bahati. Halafu akaokota mche nilioung'oa.

"Wewe si unajua kuchuma chai? Unang'oanga mti wa chai?"

Tangu siku hiyo nikachuma mboga kwa vidole vilevile vya chai, ncha tu, na shina likachipua tena. Miche michache niliiacha izae mbegu.

Nisichokuwa nimemwambia Kogo ni kwamba ukoo ulikuwa umekubaliana tugawanywe. Mmoja aende Mulot, mmoja Soin, na Cherono, kitinda mimba wetu, achukuliwe na baba mdogo wa Ndanai. Hawakuwa na ubaya. Waliogopa tu tutalala njaa.

Baba mdogo alikuja wakati wa kiangazi, bila kutuma habari. Sukuma wiki za watu zilikuwa zimekauka shambani. Akaingia jikoni, akafunua sufuria, akakuta managu na saga zilizolazwa usiku kucha ndani ya maziwa. Nikasonga ugali. Alikula, akaongeza. Kisha akauliza mboga imetoka wapi, nikampeleka nyuma. Cherono alikuwa amejificha nyuma ya mti, miguu inaonekana.

Baba mdogo aliizunguka bustani, akaniambia nilete mfuko. Nilijua ni wa nguo za mtoto. Nilirudi nao.

"Jaza mboga," akasema. "Mke wangu ataniuliza mbona nilitumwa mtoto nikarudi na managu."

Nilichuma ncha tu, vile Kogo alivyonifundisha. Cherono akatoka mafichoni akashika mfuko. Ukoo uliposikia, hatukugawanywa mpaka kila mmoja alipoondoka kwa kuolewa au kwa kazi, akiwa mtu mzima.

Sasa wewe, mwanangu, umepewa kipande cha shamba chenye mti, na unaniuliza uukate lini. Usiukate. Punguza matawi jua lipenye, halafu panda mboga zetu pamoja, kila moja mahali inapopenda. Chuma juu, acha mizizi. Panda chai yako huko mbele, siikatai, lakini nyuma ya jikoni ni pa watoto. Na kabla hujang'oa kitu ulichoachiwa, muulize kwanza aliyemwona mwenyewe akikipanda.

Mungu akupe jua na kivuli kwa kipimo chake, na atakayefunua sufuria yako bila kutuma habari asikukute na aibu.