Kizibao cha Bi Kijiko

Habari ilifika bombani kabla ya maji. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo, wanasubiri bomba likohoe, ndipo msusi wa chumba cha mwisho, ambaye mikono yake ikikosa nywele za kusuka husuka maneno, aliposema bila hata kushusha sauti, "Kijiko kafukuzwa hospitali."

"Kijiko yupi?"

"Kwani unawajua wangapi? Bi Kijiko. Kakamatwa na sahani ya mgonjwa mkononi."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani hao wasio na majina?"

"Watu wakishakuwa wengi, majina ya nini? Lisemwalo lipo, mwenzangu, na kama halipo liko njiani. Mtu anakwenda hospitali kila siku iendayo kwa Mungu, mgonjwa hana, mshahara hana, na hakondi. Anakula wapi?" Kisha akaongeza, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "Na mdogo wangu kakaa ndani na cheti chake cha kusaidia wauguzi. Nani atamwajiri, kama kuna mtu anaifanya kazi hiyo bure?"

Wakacheka, isipokuwa Mama Kidoti. Alikuwa amesimama mwisho wa foleni, mtoto mgongoni. Mtoto huyo alizaliwa na alama nyeusi shavuni, kama mtu aliyeguswa na kalamu, na tangu siku hiyo mama yake hakuitwa jina jingine. Alitaka kusema neno. Lakini yeye ni mtu ambaye neno lake huja wakati wenzake wameshabeba ndoo wameondoka, na siku hiyo pia lilikuja wakati huo.

Neno lenyewe lingekuwa hili: kwamba alipojifungua kwa kupasuliwa, mumewe alikuwa safarini kikazi na mama yake mzazi ameshatangulia mbele ya haki. Mkono mmoja ulifungwa mpira wa dripu, mwingine ulimshika mtoto. Sahani ililetwa, ikawekwa kwenye kimeza kando ya kitanda. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, wanapishana kama watu wanaozima moto. Aliitazama sahani ile mpaka mvuke ukaisha. Ndipo akatokea mwanamke mfupi, kitambaa chake kimefungwa kisogoni, akavuta kiti, akatoa kijiko chake mwenyewe mfukoni mwa gauni, akakifuta na kusema, "Fungua mdomo. Kuona haya utaona baadaye, ukishashiba."

Mchana ule, Kidoti alipoamka, Mama Kidoti alimfunga mgongoni akaenda kwa Bi Kijiko.

Alimkuta ameketi kitandani, mikono mapajani. Hilo peke yake lilimtisha, maana mikono ya mama yule hakuwahi kuiona imekaa bure. Cherehani ilikuwa kwenye kona yake, imefunikwa kanga ya zamani. Ukutani, juu ya msumari, palikuwa na kizibao cha njano kilichofuliwa na kupigwa pasi, mikunjo yake imesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mlete huyo mwenye doti." Alimpokea mtoto, akampakata, na mikono ikaonekana kurudiwa na uhai. "Haya, bombani wamesemaje?"

"Maneno tu, mama."

"Ya msusi?"

Mama Kidoti akatazama chini.

"Basi nusu yake ni kweli. Msusi hawezi kutunga uongo mzima, hana subira. Sahani nilikuwa nayo. Na kijiko nilikuwa nacho."

Kabla hajawa Bi Kijiko, mama huyu alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare za shule. Mumewe alipopooza upande mmoja akalazwa, yeye alikuwa hawezi kuacha kazi. Alikuwa akifika wodini jioni, na kila jioni aliikuta sahani ya mchana pale pale ilipowekwa, chakula kimeota ngozi juu. Wauguzi walimwambia mzee hana hamu ya kula. Aliamini. Siku moja aliomba ruhusa akaja mchana, akakaa, akamlisha taratibu, mume akala mpaka akalamba kijiko. Hamu alikuwa nayo. Chakula kilikuwa kinafika, mkono ndio uliokuwa haufiki. Lakini alikuwa ameligundua hilo mwishoni mwa safari. Walipomaliza matanga, watu walitegemea arudi karakanani. Alirudi hospitalini, wodi hii na ile, na kijiko kile kile. Sare alizishona nyumbani, asubuhi, kwa wateja wake mwenyewe.

Miaka ikapita hivyo. Mlinzi wa lango alikuwa akimpungia mkono tu. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani, na yeye hakujiuliza.

"Kisha ikaja sheria," alisema, huku akimpangusa Kidoti udenda. "Baraza la mkoa limetunga sheria ya watu wa kujitolea. Tukaitwa ukumbi wa hospitali, akaja afisa, kijana mpole, wa miwani. Akasema watu wanaosaidia bure ni kama upepo, kila mtu anausikia, hakuna anayeuona. Akasema sasa mkoa umewaona. Watapewa kizibao, kitambulisho, mafunzo, na bima, ukiteleza sakafuni unatibiwa. Na kila mwaka siku moja ya kuwashukuru. Mwanangu, mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Akauliza, nani ataanza kujiandikisha? Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kama mtoto anayejua jibu."

"Si ni jambo zuri hilo, mama?"

"Zuri sana. Nilipiga picha nimekivaa."

Mafunzo yalikuwa ya siku moja, kwenye chumba chenye feni. Huko ndiko alikosomewa kifungu chenyewe: mtu wa kujitolea haruhusiwi kufanya kazi ya mwajiriwa. Anaweza kuongea na mgonjwa, kumsomea gazeti, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka barazani, kumpelekea salamu. Kumlisha asiyeweza kula mwenyewe, kumgeuza, kumwosha, hizo ni kazi za msaidizi wa wauguzi.

"Nikamwambia yule afisa, lakini baba, wasaidizi hawapo. Akaniambia, 'Ndiyo maana ya kifungu, mama. Ukilisha wewe bure, nani atasumbuka kuwaajiri?' Mdogo wake msusi ana cheti ndani ya sanduku, na kijana yule hakusema uongo."

"Kwa hiyo wataajiri?"

"Nafasi zitatangazwa."

"Lini?"

Bi Kijiko alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua ya mwakani itanyesha saa ngapi.

"Lakini wale wengine, mama, ambao hawakujiandikisha?"

"Wengine nani? Wodi zile nilikuwa peke yangu. Ningekaa kimya nyuma ya ukumbi, leo ningekuwa yule mwanamke wa kijiko tu, na mlinzi angenipungia mkono. Sheria haikunitafuta, mwanangu. Mimi ndiye niliyeifuata, nikaiambia jina langu."

Alicheka kidogo. Mama Kidoti hakucheka, kwa sababu aliona kile kicheko kilivyoishia njiani.

Kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, kuna mgonjwa aliyekuwa fundi saa. Amepooza kama alivyopooza mume wa Bi Kijiko, nusu ya mdomo imelala, maneno hayatoki. Ndugu hana, au anao na hawamjui tena. Alipokuwa mzima alikaa kwenye kibanda cha kioo anachungulia ndani ya saa za watu, na sasa ana njia moja tu ya kusema: Bi Kijiko akichelewa, humgonga kwa kidole kwenye kifundo cha mkono, pale inapofungwa saa. Ndiyo ilikuwa mizaha yao. Yeye humjibu, "Najua, fundi, najua, nimechelewa," na mdomo ule nusu hucheka.

"Siku ya kwanza nimevaa kizibao," alisema Bi Kijiko, "nilikaa karibu naye. Sahani kati yetu. Akanigonga mkono, kisha akafungua mdomo. Nikamwambia habari za mvua. Akafungua mdomo. Nikatoa gazeti nikasoma. Kafungua mdomo, mwanangu, mimi nasoma bei ya sukari."

Kidoti alianza kunung'unika. Bi Kijiko akampapasa mgongo mpaka akanyamaza.

"Nilivumilia siku kadhaa. Kisha nikatoa kijiko. Nilijificha nyuma ya pazia. Na siku hiyo hiyo afisa kaja na wageni wa mkoa, anawaonyesha jinsi sheria inavyofanya kazi. Aliniona. Kijana wa watu, alijaribu kuwageuza wageni watazame dirisha la upande wa pili. Lakini mmoja alikuwa ameshaona, akauliza, 'Huyo mwenye kizibao anafanya nini?' Basi. Kitambulisho wakachukua pale pale. Kizibao nimeambiwa nikirudishe kikiwa safi."

"Si uende kama mgeni, mama? Mgeni hakatazwi."

"Nilikwenda. Siku hizi mlangoni wanauliza, wewe ni nani wa mgonjwa. Nikasema ni dada yake. Mkuu wa wodi akanitazama kwa huruma, akaniambia, 'Mama, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia hana mtu.' Na kweli nilimwambia. Nilikuwa namwombea blanketi. Akaniambia, 'Ukiingia bila kizibao nitaandikiwa barua. Ukiwa na kizibao na ukalisha, nitaandikiwa barua. Nina watoto, mama.' Nikageuka nikarudi. Ana watoto."

Nje, msusi alikuwa amepata mteja. Sauti yake ilisikika ikimwambia atulize kichwa. Mama Kidoti aliuliza swali aliloogopa kuuliza tangu alipoingia.

"Sasa fundi saa anakula?"

"Nesi anamwekea vijiko viwili vitatu, anaitwa kitanda kingine. Si roho mbaya. Koo la fundi linataka muda, na muda ndio hawana. Ukimharakisha anapaliwa, akipaliwa wanaogopa, wakiogopa wanaacha." Akamsogeza Kidoti pajani. "Mfagiaji alipita hapa jana. Anasema fundi anawagonga mikono wote wanaopita. Hapa, penye saa. Wao wanadhani anauliza saa. Wanamwambia. 'Saa sita, mzee. Saa nane na nusu.' Wanamjibu vizuri tu, kwa heshima, wanapita."

Mama Kidoti alitazama kizibao pale ukutani. Kilikuwa kizuri. Kifuani kilikuwa na maneno ya shukrani yaliyochapwa kwa herufi kubwa, naye alisoma yote, taratibu, kama alivyofundishwa shuleni, na alipofika mwisho hakujua afanye nini na maneno yale. Alitafuta la kumwambia mama huyu. Kwamba nafasi zitatangazwa. Kwamba sheria inaweza kurekebishwa. Kila neno alilolishika aliona ni mkono mtupu, na mkono mtupu haulambwi.

"Huenda atapata nafuu," alisema mwishowe.

"Hatapata. Daktari kasema, na mimi nimeyaona macho yake. Macho hayo nayajua, nimelala nayo chumba kimoja."

Bi Kijiko alisimama, mtoto begani, akafungua droo ya meza ya cherehani. Akatoa kijiko. Kilikuwa kidogo, cha bati, ukingo wake umelika upande mmoja kwa miaka ya midomo ya watu. Mama Kidoti alikikumbuka kwenye ulimi wake. Bi Kijiko alikifunga ndani ya kitambaa safi, akakiweka kitandani, katikati yao.

"Kifungu kile kinasema mtu wa kujitolea na mwajiriwa," alisema. "Ndugu wa mgonjwa hakimgusi. Ndugu anaruhusiwa kulisha."

Mama Kidoti alielewa kabla hajaambiwa. Hajawahi kumdanganya mtu aliyekaa nyuma ya meza. Hata akisema kweli mbele ya watu wa namna hiyo sauti humkauka, huonekana mwongo.

"Wewe hawakujui kule wodi ya wanaume," Bi Kijiko aliendelea, hamtazami, anamtazama Kidoti. "Mtoto atabaki na mimi. Uji unakuja mchana. Mweke kidevu chini, usimweke juu. Kijiko kiingie upande wa kulia, ule unaosikia, kisha ungoje. Utamwona koo linapanda na kushuka. Lisiposhuka, ngoja tena. Sikutumi ukamponye, mwanangu. Nataka tu akiondoka asiondoke na njaa, kama aliyemtangulia."

Alimrudishia mtoto, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Nenda kesho. Wakikuuliza mlangoni, sema wewe ni mwanawe, ulikuwa mbali, ndiyo maana walidhani hana mtu. Na akikugonga hapa," akagusa kifundo cha mkono wa Mama Kidoti kwa kidole kimoja, "tafadhali usimtajie saa. Mwambie nimechelewa."