Herufi za Pamba ya Kalafati

Nakumbuka asubuhi moja kule kisiwani Jibondo, mwanangu, Fundi Makame alipokuja barazani kwetu akasema mbele ya watoto kwamba tunazinywesha mbao maji ambayo wanawe hawana ya kunywa.

Nitajaribu kueleza mambo kama yalivyokuwa. Sikusoma sana, na kila nikiandika naona mwingine angeandika vizuri zaidi. Lakini wewe umeanza kujifunza kufundisha watoto wadogo, na juzi ulikuja kwangu uso umekusawijika, ukasema huenda kazi hii si yako. Nisipoandika leo, nitaandika lini?

Zilikuwa zama za Mdachi. Mimi msichana wa Ndagoni, nimekwisha hitimu Kurani, nikapelekwa Jibondo kwa Mwalimu Mize nijifunze kusomesha. Mwalimu Mize alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye pwani. Chuo chake kilikuwa barazani mwake. Yeye alishika wakubwa, mimi akanipa wadogo, wale ambao bado wanapangusa kamasi kwa mkono wa kanzu. Makubaliano yalikuwa haya: nikiwafikisha mwisho wa herufi na wazijue, ataniombea dua niwe mwalimu. Nikishindwa, narudi Ndagoni kushika jembe.

Sasa, Jibondo haina maji matamu. Maji huletwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, na kila nyumba huyapima kwa kata. Watoto wetu waliandika kwenye mbao kwa wino wa masizi, na kila somo jipya mbao lazima zioshwe. Tulijaribu maji ya bahari. Mbao zikabaki na chumvi, wino ukakataa kushika. Kuandika mchangani ndiko kabisa hakukuwezekana, maana herufi za Kurani hazikanyagwi, na pale kijijini kila penye mchanga ni njia ya watu.

Nisimdhulumu Fundi Makame. Alikuwa fundi wa kuunda vyombo, kiwanda chake kikipakana na baraza yetu, na mkewe ndiye aliyekuwa akihangaika na mitungi mitupu. Alipokuja, aliamkia kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Naona umekuja na jambo."

"Wakubwa sina neno nao. Lakini hivi vifaranga vya huyu binti wa Ndagoni vinaimba tu, kama kasuku. Mwanangu mwenyewe huyu hapa. Mwanaidi! Herufi hii nini?"

Akagusa ubao katikati. Mwanaidi akatazama vidole vya miguu yake. Tangu aingie chuoni hakuwahi kufungua kinywa.

"Mnaona? Wadogo wakae nyumbani mpaka wapate akili. Mashua ya maji ikirudi, wazee tutakata shauri."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Niliwafundisha kuimba alifu, be, te mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza, nami nikavimba kichwa. Ukimkata mtoto katikati ya wimbo, hajui alipo. Darasa likifungwa, na mimi safari yangu imekwisha.

Nikaingia ndani nikilia, nikamwambia Mwalimu Mize kwamba bila mbao siwezi kitu.

Hakunibembeleza. "Riziki, miezi yote hii unawasomesha watoto, na bado hujawatazama. Mwanaidi anapenda nini?"

Sikujua.

"Basi kesho usisomeshe. Nenda ukakae wanapocheza. Usiwafundishe, usiwakanye, mdomo wako ufunge mpaka adhuhuri. Ukirudi uniambie umeona nini, siyo unafikiri nini."

Mwanangu, nilikasirika. Niliona ananipotezea siku, nami siku sina. Lakini nilikwenda, nikakaa juu ya gogo kando ya kiwanda cha Fundi Makame.

Mafundi walikuwa wakitia kalafati, yaani wanaisokota pamba na kuishindilia kwenye nyufa za mbao ili chombo kisivuje. Vipande vilivyoanguka watoto walivigombania. Wakavisokota mapajani kama baba zao, wakafanya nyoka, bangili, pweza. Na nani alikuwa nahodha wa mchezo wote? Mwanaidi! Mtoto bubu wa barazani alikuwa akifoka: "Wewe, huyo pweza wako ana miguu haba! Msokote tena! Na wewe lete pamba, usilale!"

Nilirudi mbio, hata viatu nikavisahau pale kwenye gogo. Mwalimu Mize alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Sasa una kitu cha kufanyia kazi." Wazo la kugeuza pamba kuwa herufi sijui kama ni langu au lake. Nadhani tulilisema pamoja.

Ikabidi nimwendee fundi mwenyewe kuomba mabaki.

"Mabaki?" akasema. "Chombo cha watu kikizama, nimwambie mwenyewe kimezamishwa na alifu?" Vijana wake wakaangua kicheko. Lakini alinijazia pakacha, na vipande vya mbao juu yake, na hilo ni haki yake liandikwe.

Tukaanza. Kila mtoto akasokota herufi yake, akaibandika juu ya kipande cha ubao. Pamba ile ilikuwa na mafuta, ikinasa vizuri. Somo likiisha tunaibandua, tunasokota nyingine. Hatukutumia hata tone la maji, wala hakuna herufi iliyokanyagwa. Wimbo niliuacha kabisa. Nikawa nashika herufi moja, nauliza moja, leo ya mwanzo, kesho ya mwisho. Mwanaidi alianza kunong'ona. Baadaye akaanza kuwasahihisha wenzake, na baadaye ikabidi nimwombe apunguze ukali.

Mashua ya maji ikarudi. Wazee wakaja, baraza ikajaa, na wanawake wakasimama uani wakichungulia. Watoto wakaonyesha herufi zao, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, lakini Fundi Makame akainuka.

"Macho yanaweza kukariri," akasema. "Nipeni mwanangu."

Akamfunga Mwanaidi macho kwa kilemba chake, akaanza kumwekea vibao mapajani bila mpangilio wowote. Mwanaidi akapapasa kwa vidole.

"Mimu." Ndiyo. "Dali." Ndiyo. "Sini, hii ina meno." Ndiyo.

Fundi akageuka, akachukua pamba, akasokota kitu chake mwenyewe, akakibandika. Niliona ni mtego. Mwanaidi akapapasa. Akapapasa tena.

"Baba," akasema, "hii si herufi. Hii nanga."

Kicheko kilichotoka pale, mwanangu! Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akapaliwa na tambuu. Fundi Makame alimfungua bintiye macho, akamnyanyua juu ya mabega yake, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Wadogo wabaki! Na pamba nitatoa mimi." Naye Mwalimu Mize, aliyekuwa akiniita Riziki tu, au mtoto wewe, akanigeukia mbele ya watu wote: "Mwalimu, waruhusu wanafunzi wako."

Mwalimu! Wanafunzi wangu! Usiku ule sikula, nilishiba jina.

Nimesomesha Jibondo, nimesomesha Ndagoni, na waliopita mikononi mwangu wamesomesha wengine. Hata hivyo mpaka leo nikiingia mbele ya watoto wapya najiuliza kama nitaweza. Kwa hiyo wasiwasi wako usikutishe. Mwenye wasiwasi anaweza kufundisha vizuri tu. Somo likigoma, usimlaumu mtoto upesi, wala usijilaumu upesi. Kaa uwatazame wakicheza, uone mikono yao inapenda nini, uanzie hapo. Mzazi akikukosoa, mpe sikio hata kama maneno yake yanachoma, kwa sababu huenda ameona usichokiona. Na ukifaulu, taja waliokusaidia.

Mwenyezi Mungu akupe subira na macho ya kuona, akufungulie vifua vya watoto wa watu, na watakaokuita mwalimu wakuite kwa furaha. Amina, mwanangu, amina.