Singo ya Masikio

Wateja wangu wakubwa ni wagombea na marehemu. Mgombea hatosheki na sura yake hata ukimfutia makunyanzi yote. Marehemu halalamiki, lakini ana mashemeji. Kwa hiyo walipoingia dukani kwangu Ukunda wanamuziki watano, wote hai na wote wakitaka kuenea kwenye bango moja, nilijua chakula cha mchana siku hiyo nitakila jioni.

Niliwajua kwa sura. Ni kundi linalopiga muziki kwenye hoteli za Diani wakati wa chakula cha usiku, wageni wakiwa wanamenya kamba. Kundi lina jina la maneno manne, ambalo sitalitaja. Hata kwenye bango lenyewe halikuonekana sana. Mwimbaji wao mkuu ni mwanamke wa Msambweni, asubuhi anatandika vitanda hotelini, jioni anaimba hotelini humohumo. Mpiga kinanda ni kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi ya mapokezi akakaa. Wengine ni wa ngoma, wa gitaa, na mmoja ambaye mpaka leo sijui anapiga nini, lakini kila picha yumo.

Miaka yote walikuwa wakiimba nyimbo zilezile za kukaribisha wageni. Sasa walikuwa wametunga wimbo wao wenyewe, wakaurekodi, na walitaka kuuzindua Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kijamii pale Ukunda. Kiingilio hakuna. Nikauliza mara mbili kama kweli hakuna kiingilio, maana sijazoea.

"Hakuna, kaka," akasema yule mwimbaji. "Mimi nimeimbia Wajerumani, nimeimbia Waitaliano, nimeimbia mtu aliyesinzia na kijiko mdomoni. Jirani yangu tunayetenganishwa na ukuta mmoja hajawahi kunisikia. Nataka watu wa kwetu waje. Wakija, tutatunga nyingine. Wasipokuja, basi, nitajua sauti yangu ni ya wageni tu, na sitamsumbua mtu tena."

"Wa kwetu ni wa wapi? Msambweni au hapa?" Nilihitaji kujua mabango yatabandikwa wapi.

"Popote wanapopika wali kwa nazi."

Eneo kubwa hilo.

Mpiga kinanda akanipa simu yake nisome maneno. "Kila kitu Kiswahili, buda. Kizungu zii. Watu wa huku wanapenda heshima." Juu kabisa alikuwa ameandika SINGO MPYA. Wanamuziki huita singo ule wimbo mmoja unaotoka peke yake, bila kungoja albamu. Nikaikagua herufi kwa herufi, nikairudia. Hakuna iliyokosewa.

Kisha tukaanza kupatana, na hapo ndipo ninapopendea kazi hii. Kila mmoja alitaka kichwa chake kiwe kikubwa zaidi. Wa ngoma alitaka miwani ya jua isitolewe. Nikamwambia miwani inakula nafasi, akitaka ibaki basi nitapunguza bega. Akapiga hesabu, akatoa bega. Wa gitaa alitaka gitaa lote lionekane. Nikampa shingo ya gitaa na nyuzi nne, tukashikana mikono. Yule wa tano hakuomba kitu, nami kwa adabu yake nikamwacha mzima mzima.

Walipoondoka nikakaa na kompyuta. Jina la kundi lilikuwa refu mno, nikalishusha chini. Neno SINGO ndilo lililonishika. Nikahesabu herufi: tano. Nikahesabu vichwa: vitano. Nikahesabu tena, kwa sababu bahati ya namna hiyo huwa na kasoro mahali. Haikuwa nayo. Nikaweka kila herufi juu ya kichwa chake, kama kilemba. Mwimbaji akaangukia katikati kabisa, chini ya N, na asumini alizochomeka nywelini siku ya kupiga picha zikawa zinaigusa herufi. Asumini hizo zilinipendeza, nikazinakili nikazizungusha pembeni pote. Usuli nikaupaka manjano iliyoiva. Nyuso nikazimulika kwa upande hadi zikang'aa kama zimetoka kupakwa mafuta.

Nilichapisha la kwanza nikalibandika mlangoni, nikavuka barabara nikalitazame kutoka upande wa pili. Dereva wa bodaboda akasimama bila abiria, akalitazama, akaniambia, "Hapo umeweza." Watu wa bodaboda hawasimami bure. Nilivuka kurudi dukani kama mtu aliyechaguliwa.

Tukabandika Ukunda, tukabandika Kombani sokoni, tukashuka hadi Msambweni. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, ile ya dukani hailiwezi jua la huku.

Kabla gundi haijakauka vizuri, akaingia dukani mama mmoja wa makamo, amejifunga leso juu ya buibui, na kikapu mkononi.

"Asalamu alaikum."

"Wa alaikumu salamu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeifuata ile singo."

Nilifurahi mpaka nikamvutia kiti. "Karibu sana. Lakini inatoka Jumamosi, mama. Saa tisa, pale ukumbini."

"Jumamosi nitakuwa nimechelewa, bi harusi wangu anaingia ndani kesho. Hunipi hata kidogo leo?"

Nikamwambia naweza kumwekea kipande kwenye simu.

"Kwenye simu?" Akanitazama kama anatafuta mkubwa wangu yuko wapi. "Sasa niambie, ina liwa ndani au haina?"

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni. Dada zangu wote wamesingwa kabla ya harusi zao, nyumba ikanukia liwa, waridi na karafuu mpaka vikombe vya chai vikashika harufu. Singo, kwa mtu yeyote wa pwani hii, ni ule mchanganyiko wa manukato wanaosugulia bi harusi ngozi iwe laini. Nami nilikuwa nimelichukua neno hilo, nikalizungushia asumini, nikalipaka manjano, nikaweka nyuso tano zinazong'aa na neno MPYA chini yake. Hata ningelipwa na mwenye kiwanda cha vipodozi nisingelifanya vizuri zaidi. Mtu anayeshinda na kompyuta hulipima neno kwa upana.

Mama yule alikuwa wa kwanza tu. Nambari ya bango ilikuwa yangu, na simu haikutulia. Mmoja alitaka kununua kwa jumla, apeleke Likoni. Mmoja aliuliza, "Yule mwenye miwani ameitumia kwa muda gani mpaka akang'ara vile?" Nikamwambia ni taa tu, dada. Akasema, "Nyie wenye siri mna maneno," akakata.

Wanamuziki wakaja, kiongozi wa hasira akiwa mpiga kinanda.

"Buda, nini hii? Pale mapokezi wasichana wa jikoni wananiuliza kopo ni ngapi!"

"Neno umelileta wewe."

"Mimi natoka bara! Wewe ndiye wa huku!"

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kutokea, nikajifanya natafuta kalamu.

"Tuyabandue yote," akasema. "Tuandike WIMBO MPYA. Simpo."

"Ubandue mabango yangu? Unajua ile manjano nimeitafuta muda gani?"

"Watu wanadhani sisi ni saluni!"

Mwimbaji alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wateja, bado na sare ya hoteli. Akaniuliza, "Waliokuuliza ni wengi?"

"Wengi hata nimeacha kuhesabu. Na mimi siachi hivihivi."

"Wanawake watupu?"

"Na bwana harusi mmoja mwenye haraka."

Akacheka. "Hao ndio ninaowataka mimi. Hawa hawajawahi kuja kunisikia hata siku moja, na sasa wanakuja wenyewe mpaka mlangoni. Lakini wakifika ukumbini wakakuta magitaa, watatuita matapeli. Hawatasikiliza hata mstari mmoja."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe, na ni yeye aliyeliona. Mimi na mpiga kinanda tulikuwa tunagombania karatasi. Nikawaambia bango zuri halibanduliwi, huongezewa. Tuchapishe utepe mwembamba, tuubandike chini ya neno MPYA.

"Tuandike samahani kwa usumbufu," akasema mpiga kinanda.

"Bango haliombi msamaha, kijana. Nitakupa maneno mawili."

"Matano."

"Mawili."

"Manne, na moja liwe samahani."

"Mawili, na utayapenda."

Nikapiga chapa mbele yao: YA MASIKIO. Singo mpya ya masikio. Mpiga kinanda akayasoma, hakuyaelewa, akamtazama mwimbaji. Mwimbaji alikuwa ameshika mdomo, mabega yanamtikisika. "Bro," kijana akaniambia, "siielewi lakini naona imeshika."

Mwimbaji akaongeza la kwake. Ana shangazi Msambweni anayesinga maharusi. Atamleta na bakuli, akae mlangoni, kila mwanamke anayeingia apakwe kidogo kwenye kifundo cha mkono. "Wasiseme tumewaita kwa harufu halafu hatuna harufu," akasema. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu akishapakwa kitu kizuri mkononi huona haya kuondoka mapema.

Jumamosi nilifika mapema nikaukuta ukumbi una viti vingi kuliko nilivyopenda. Shangazi alikuwa mlangoni na bakuli lake limefunikwa kitambaa, amekaa kama mtu wa forodha. Saa tisa ikafika, ndani tulikuwa sisi, mlinzi wa ukumbi, na mbuzi aliyefukuzwa akarudi. Mpiga kinanda akawa anajaribu kinanda ambacho kilikuwa kimeshajaribiwa. Mwimbaji alikuwa amesimama jukwaani na leso mpya, anatazama mlango, na kila kivuli kikipita nje anavuta pumzi. Nilipanga viti vya nyuma, nikavipangua, nikavipanga.

Kisha nikasikia kicheko cha wanawake barabarani, kile cha watu wanaokuja pamoja. Wakaingia wa kwanza, wengi kwa pamoja, yule mama wa kikapu akiwa mbele.

"Iko wapi hiyo singo ya masikio?" akapaza sauti. "Mimi nimekuja na yangu mawili!"

"Lete mkono kwanza," shangazi akamwambia.

"Mkono wa nini, nimeambiwa masikio!"

Ukumbi ukacheka. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine, tuktuk zikawa zinashusha mlangoni. Wakaja wa Ukunda na wa Kombani, wakaja kina mama wa kanisani waliotoka bara, wakawa wanauliza majirani zao wanachopakwa ni nini na wanaelezwa kwa mikono. Wanaume wakajaza madirisha kwa kisingizio cha kuwasindikiza. Viti vikaisha. Mlinzi akaniuliza kama nina vingine. Mimi, mtengeneza mabango, naulizwa viti! Nilijibu kwa sauti ya mwenye ukumbi kwamba waliobaki watasimama.

Wakapiga wimbo wao. Ni wimbo wa mwanamke anayetandika kitanda cha mtu asiyemjua, shuka imenyooka kama karatasi, kisha anarudi kwake kwenye mkeka wake mwenyewe na kulala usingizi ambao yule mwenye kitanda hajaupata. Nilikuwa nimeusikia kwenye simu nikauona mzuri. Pale ndani ulikuwa kitu kingine. Ubeti wa kwanza watu walisikiliza. Wa pili, mwanamke mmoja akasema "Eeh!" kama amechomwa. Kiitikio kilipokuja mara ya pili walikuwa wameshakishika, na vigelegele vikampanda mpiga ngoma kichwani mpaka akavua miwani ili aone.

Ulipokwisha wakataka urudiwe, ukarudiwa. Wakataka tena. Kundi lilikuwa na wimbo mmoja tu wa kwao, na mpiga kinanda, kwa kuogopa watu watachoka, akaanza mojawapo ya zile nyimbo za hoteli za kukaribisha wageni.

Yule mama wa kikapu akasimama, mkono juu. "Basi, basi, mwanangu! Hizo wapelekeeni wageni huko Diani. Sisi turudishieni yetu."

"Yetu!" wakaitikia nyuma, na wengine wakapiga viti.

Mwimbaji akakishusha kipaza sauti. Akageuka akaupa ukumbi mgongo, akajifuta uso kwa pindo la leso, mpiga kinanda akamsubiri na vidole vimeganda hewani. Kisha akawageukia.

"Haya," akasema. "Yenu hiyo."

Akaanza, nao wakaanza pamoja naye, hata sikuweza tena kuitenga sauti yake na zao. Nilikuwa nimesimama ukutani, chini ya bango langu, na mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akanisukuma kwa kiwiko. "Na wewe imba, baba. Umekuja kutazama ukuta?"