Mwanasayansi wa Maalim

Mume wangu alisomesha dini na mimi nasomesha fizikia, katika skuli moja hapa Unguja. Nilimwita Maalim, kama wanafunzi wake walivyomwita. Nyumbani kwetu Malindi ya Mji Mkongwe, ghorofani, ubishi wetu wa miaka yote ulikuwa juu ya mtu aliyekwisha kufa zamani: yule Muingereza aliyeeleza kwa hesabu kwa nini kitu kikiachwa huanguka, na kwa nini mwezi hauanguki.

Maalim alimpenda mtu yule kuliko nilivyompenda mimi niliyemsoma chuo kikuu. Alikuwa amesoma mahali kwamba Muingereza huyo aliandika juu ya dini kurasa nyingi kuliko alizoandika juu ya mwendo wa vitu, na kwamba moyoni aliamini Mungu ni mmoja, hana wa kulingana naye, akalificha hilo asije akapoteza kazi yake.

"Huyu karibu awe mwenzetu," Maalim alikuwa akisema, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hata kama mwenzetu, imani yake ilimkwamisha."

Nikamweleza. Hesabu zilimwonesha kwamba sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe, akahofia kwamba baada ya muda mrefu mpangilio wote utaharibika. Alipofika hapo akasema Mungu huingia mara kwa mara akazirudisha mahali pake. Waliokuja nyuma yake hawakutosheka na jibu hilo. Walikaa na hesabu ile ile mpaka wakaona kwamba mengi aliyoyahofia hujirekebisha yenyewe.

"Na hao wa nyuma wangepata nini cha kukalia," Maalim akasema, "kama wa kwanza asingeamini kwamba ulimwengu una Mpangaji, na kilichopangwa kinahesabika? Imani ndiyo iliyomkalisha kitako."

"Na ndiyo iliyomwinua kabla hajamaliza."

Tulicheka. Zama zile tulikuwa bado tunacheka.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Akivua makubadhi, mikanda ilikuwa imechora mitaro kwenye nyama. Daktari alisema figo zimekufa, presha ilikuwa ikizila pole pole na yeye hajui. Ikabidi awe anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na maji ya kunywa akapimiwa: chupa ndogo kwa mchana na usiku. Katika joto la Mji Mkongwe, mtu anafungua chupa, analowesha ulimi, anafunga.

Mimi nilipimwa kama naweza kumpa figo, haikukubali. Ndugu yake akapimwa, naye akaonekana ana presha ile ile. Hapakuwa na mwengine.

Hapo nikabadilika. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilianza kumwomba Mungu aingie. Sikumwomba subira wala mwisho mwema. Nilimwomba aweke mkono wake ndani ya mwili wa mume wangu na azirudishe figo zilivyokuwa. Nilikwenda kwa masheikh Mwanakwerekwe, nikaenda mpaka Mkokotoni, kwao Maalim. Darasani nilikuwa nikisimama na chaki mkononi, midomo inasoma dua, wanafunzi wananitazama.

Siku moja mama mkwe alikuja na kombe kutoka Mkokotoni: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, maji yakatiwa kwenye jagi la bati. Nilimimina bilauri tele nikampelekea kitandani.

Maalim aliitazama. "Hii nyingi."

"Ni kombe, Maalim."

"Kombe ni maji. Leo nshakunywa."

"Haya ni maneno ya Mungu! Wewe ndiye unayesomesha, leo huamini?"

Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akatoka jikoni. Maalim alikuwa na pumzi fupi, akasema kidogo kidogo, "Naamini. Figo kaziumba Yeye, na kazipa kazi yake. Zikisita, maji hayana pa kutokea, hata ya kombe. Nipe funda moja, ulipunguze kwenye maji ya kesho."

Alikunywa funda moja kwa bismillahi. Kombe lililobaki nilikwenda nalo ukumbini, nikakaa chini, nikalinywa mimi lote, sijui kwa nini. Lilikuwa na harufu ya zafarani na bati. Halikunifanya kitu.

Alifariki hospitali asubuhi moja, kabla ya Ramadhani, mashine ikiwa bado inazunguka. Muuguzi aliizima.

Nikakaa eda. Nilisali kwa sababu wakati umefika, maneno yakitoka na mimi sipo. Watu waliniambia Mungu amempenda zaidi. Nilitaka kuwauliza kama ndivyo, mbona hakumpa hata maji ya kunywa.

Jioni moja mama mkwe, aliyekuwa akikaa na mimi, alisogeza mkeka wake karibu.

"Mwanangu, nataka kukuuliza. Hiyo figo, inafanya nini?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza watoto: damu inapita, uchafu unachujwa, maji ya ziada yanatoka. Nikamweleza presha ilivyoziharibu njia ndogo ndogo za kuchujia, kwa miaka, bila maumivu, na kwamba ugonjwa huo unaweza kwenda katika ukoo. Aliuliza tena, nikaeleza tena.

"Basi hakurogwa?"

"Hakurogwa, mama."

"Kule kwetu watu wamesema. Wamemtaja mpaka jirani yangu. Sijamsalimia tangu msiba."

"Hakuna aliyemfanya kitu."

Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika. Alipotulia alisema kesho yake atarudi Mkokotoni akamwombe radhi jirani yake. Akainuka kutia udhu, magharibi ilikuwa imeingia.

Mimi nilibaki mkekani. Sikuwa na la kumwambia Mungu, na sikuthubutu kuondoka mbele Yake.