Siku Shangazi Alipomtunza Mhindi Wetu

Wahindi wa chuo chetu walikuwa na chama, na chama kilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na vikao vingi kuliko bunge. Nasema hivi bila chuki. Niliishi na mmoja wao chumba kimoja miaka yangu yote ya chuo hapa Minneapolis, na kila Diwali ilipokaribia nilisikia habari za kamati hiyo asubuhi na jioni, mpaka nikajua nani kamnunia nani, nani kakataa kukaanga sambusa, na nani anataka mchumba wake asome shairi jukwaani. Sisi Watanzania tulikuwa na chama pia. Tulikutana mara moja, tukachagua viongozi, tukala, tukapiga picha, basi.

Mwenzangu huyo alitoka Haidarabadi, kusini huko, na alisomea uhandisi. Msichana mwembamba, mpole, lakini gusa maziwa yake kwenye friji uone. Na aliimba. Si kuimba kwa bafuni kama mimi. Huyu alifundishwa tangu hajang'oa meno ya utoto, na alipokuwa akiosha vyombo nilizima televisheni nimsikilize. Sasa sikia uonevu. Kila mwaka kamati ilimweka nyuma na waitikiaji, karibu na pazia, kazi yake kusema "aaa" wenzake wakiimba. Eti kwa sababu nyimbo za sherehe ni za Kihindi, na Kihindi si lugha ya kwao. Mwenyekiti wa kamati, kijana wa Delhi aliyevaa kanzu za kutariziwa kama bwana harusi hata akienda maktaba, alimwambia lafudhi yake inaharibu ladha. Nikamuuliza mwenzangu, na yeye lafudhi yake ya Kiingereza inaharibu nini? Akacheka. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia. Maji ya bomba hayafichi kitu katika chumba kile.

Mwaka wetu wa mwisho kamati ilikuja na jipya. Mwimbaji wa peke yake siku ya Diwali atapatikana kwa mashindano, yeyote ajitokeze. Mshindi ataimba Eden Prairie, kwenye ukumbi wa maana, mbele ya Wahindi wote wa mji: madaktari, wakubwa wa makampuni, na mabibi walioletwa kulea wajukuu na sasa wanalaani theluji. Mwenzangu aliijua habari hiyo kabla haijatangazwa.

"Nikikosa safari hii," aliniambia, "nitarudi kwetu na shahada ya uhandisi na shahada ya 'aaa'."

Alisema kama mzaha lakini mwenyewe hakucheka. Nikaona kweli jambo hili limemkaa rohoni.

Masharti yenyewe yalikuwa ya kihuni. Nusu ya alama zinatolewa na majaji, nusu nyingine zinatokana na kelele za ukumbi baada ya wimbo. Watu wa kaskazini, kina mwenyekiti, wakija, wanakuja bweni zima, na ngoma juu. Watu wa kwao yeye walikuwa wachache, tena wa maabara, watu wa kupiga makofi kwa vidole.

"Shida yako ni watu?" nikamuuliza. "Watu ninao."

Nilikuwa nikimzungumzia shangazi yangu, dada yake baba, anayekaa Savage, mji mdogo nje ya Minneapolis. Shangazi alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili alikuja kutuchukua na gari lake refu, kwa sababu basi la kwenda kwake ni hadithi ya kuwasimulia watoto. Alitulisha pilau mpaka tukashindwa kufunga mkanda. Mwenzangu alikuwa amemwambia mama yake kwa simu kwamba hali nyama. Mbele ya kuku wa shangazi yangu kiapo hicho hakikumaliza hata Jumapili ya kwanza. Wahindi huwa wanamwita kila mwanamke mtu mzima shangazi, kwao ni adabu tu, kwa hiyo alimwita "Shangazi" tangu siku aliyoingia pale mlangoni. Lakini shangazi yangu hakujaliwa mtoto, na neno lile kwake halikuwa adabu tu. Alianza kumwekea ukoko wake pembeni, ukoko niliokuwa nikipewa mimi.

Tena Shangazi ni mtu wa Tanga wa zamani. Ujana wake wote aliumalizia sinema akitazama picha za Kihindi, akilia na mashoga zake, hawaelewi neno, lakini machozi ya kweli. Nyimbo zote anazo kichwani. Mwenzangu alipomwimbia jikoni wimbo aliouchagua, wa picha moja ya kale, Shangazi aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Yarabi! Huu si ule, msichana anaachwa stesheni?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi umeshinda. Asiyelia kwa huu ana jiwe."

Jumamosi ya mashindano theluji ilikuwa imeanza. Shangazi alikuja na kundi lake, mama wa Kitanga na wa Kibara, kanga juu ya makoti, udi unanukia mpaka kijana wa mlangoni akaanza kupiga chafya. Pamoja nao alikuwamo mama mmoja Mkongo, mwenzake wa kazini, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, mwanamke mwenye kifua cha kujaza ukumbi bila maikrofoni. Niliwaketisha safu ya katikati nikawapa maelekezo kama mwalimu. Kimya wakati wa wimbo. Makofi na vigelegele mwishoni.

"Wewe mtoto," Shangazi akasema, "unanifundisha kukaa shughulini?"

Nikakaa kando yake. Habari za kutunza, kumpa mwimbaji hela pale pale anapoimba, sikuzitaja kabisa. Nani humkumbusha mtu asipumue?

Walitangulia wengine. Kijana mmoja aliimba macho juu kama anatafuta kunguni darini. Bweni lake likapiga ngoma. Kisha akaitwa mwenzangu. Alitoka na sari ya kijani, wanja umekolea, na ubeti wa kwanza ulikuwa hauna nguvu. Vijana wa nyuma wakaanza kuigiza lafudhi yake, kicheko cha chinichini. Niligeuka niwatazame kwa lile jicho la mama yangu, nao wakatulia kidogo. Ubeti wa pili akafumba macho, akaiacha sauti iende. Weee! Nywele zilinisimama.

Nikasikia kiti kinarudi nyuma. Shangazi amesimama.

Alianza kwa kigelegele kirefu, kile cha bibi harusi akitolewa. Kisha akatoka kwenye safu, mdogo mdogo, bega moja, bega la pili, noti ya dola imebanwa kati ya vidole viwili na kupepea juu ya kichwa. Nilimshika kanga, kanga ikabaki mkononi mwangu. Akapanda jukwaani, akamzunguka mwimbaji, akambandika noti kwenye paji la uso. Mama Mkongo nyuma yake, kitambaa mkononi, kwa sababu kanisani kwao mwimbaji akiimba vizuri hufutwa jasho. "Huyu mutoto anajua kuimba, kweli!" akasema, na akamfuta jasho, na wanja wa jicho la kushoto wote ukaondoka naye. Na mwenzangu hakukatisha hata neno. Sauti yake ilipanda. Naapa, ilipanda.

Mwenyekiti akapiga kengele. Muziki ukakatika, na akina mama wakasimama pale juu mikono hewani.

"Hii ni nini?" Alikuwa amegeuka rangi. "Kwetu wanaotupiwa hela jukwaani ni wanawake wa aina fulani. Tumekuja hapa kumtukana binti wa watu?"

Majaji wakainamishiana vichwa, wakamwachia yeye aamue, kwa kuwa majaji nao wana sambusa zao za kuwahi. Akatangaza kwa maikrofoni kwamba mashabiki wakileta fujo mshindani anaondolewa. Isipokuwa kama fujo hiyo haimhusu. Akamgeukia mwenzangu.

"Unawafahamu hawa?"

Mwenzangu alisimama na jicho moja lenye wanja na jingine bila. Alimtazama mwenyekiti, akatazama meza ya majaji. Kwa Shangazi hakugeuza uso.

"Siwafahamu," akasema.

Shangazi amehudumia wazee wa Kimarekani miaka mingi, Kiingereza anakisikia hata kikinong'onwa chini ya blanketi. Alishusha mkono. "Samahani," akamwambia mwenyekiti, kwa Kiingereza chake safi cha kazini. "Tumekosea ukumbi." Akashuka ngazi moja moja, akaja kukaa pale pale palipokosewa, akanipokonya kanga yake.

Mwenzangu akarudia wimbo tangu mwanzo, msafi, umenyooka, bila kasoro. Nilitaka umkwame. Ulipoisha, wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Shangazi, na kundi lake likamfuata, na Mama Mkongo akafungulia kifua mpaka bweni zima na ngoma zao wakaonekana wagonjwa. Alishinda kwa kelele zetu.

Ndani ya gari nilitukana kwa lugha tatu. Shangazi aliendesha polepole, barabara ilikuwa inateleza.

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani pale ni kwao."

Akawasha redio, ikaimba hadi Savage.

Jumapili iliyofuata mwenzangu alisema ana mtihani. Jumapili ya pili, kichwa. Nilimwambia maneno, sikumung'unya: umekula kuku wa yule mama miaka yote hii, umekula ukoko wangu, leo humfahamu? Akaniuliza ningefanya nini mimi. Jibu nilikuwa nalo lakini halichapishiki. Tukaishi chumba kile kama watu waliokutana kituo cha treni, kila mtu na mfuko wake.

Diwali ilipofika Shangazi alinipigia simu kuuliza tunaondoka saa ngapi.

"Tunaenda wapi?"

"Kwenye taa za Wahindi. Si mtoto anaimba?"

"Shangazi, yule alikukana hadharani!"

"Sasa tubaki nyumbani tununiane na kuta? Nuna wewe, una umri wa kununa."

Eden Prairie ukumbi ulikuwa umejaa hariri na manukato, na magari nje yanang'aa kama yamepakwa siagi. Mwenyekiti alikuwa mlangoni na kanzu ya dhahabu, akiwapokea wazee. Alipotuona alitaka kusema kitu, Shangazi akamtakia heri ya sikukuu, naye ikambidi aseme asante. Tukakaa karibu na bibi mmoja mwenye sari nyeupe ambaye alikuwa anasinzia. Shangazi akafunga mikono kifuani, akaifunga hasa, kama mtu aliyeahidi daktari.

Mwenzangu akatoka. Safari hii hapakuwa na majaji, hapakuwa na alama, kitu alichokitaka alikuwa amekipata. Aliimba ubeti wa kwanza na ukumbi wote ukanyamaza, hata watoto. Bibi wa sari nyeupe akaamka. Ukaja ubeti wa pili, ulipofika pale palipopigwa kengele, akaacha kuimba. Mpiga tabla, zile ngoma zao ndogo za mkono, akaendelea peke yake akitazama huku na huku. Mwenzangu akakusanya sari yake mkononi, akashuka ngazi na maikrofoni, akapita kati ya madaktari na wakubwa wa makampuni, akaja mpaka kwenye safu yetu. Akainama mbele ya Shangazi na kumletea paji la uso.

Shangazi hakufungua mikono.

"Samahani, binti," akasema kwa Kiingereza, na maikrofoni ikalichukua kila neno. "Mimi sikufahamu."

Loo! Mimi mwenyewe, niliyeomba siku hiyo ifike, nilitaka sakafu inimeze. Mwenyekiti alikuwa anakuja mbio upande wa ukutani. Mwenzangu hakuinua kichwa. Machozi yalimtoka, na safari hii hapakuwa na bomba la kufungulia.

"Huyu ni shangazi yangu," akasema kwenye maikrofoni, ukumbi mzima ukisikia. "Aliponitunza niliulizwa kama namfahamu, nikasema simfahamu. Nilisema uongo nipate kuimba hapa. Ananilisha kila Jumapili. Ni shangazi yangu."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika, akasimama, akakosa pa kuweka mikono. Shangazi akafungua mikono, midomo inacheza.

"Sasa si ungesema mapema," akamwambia. "Pochi nimeiacha kwenye gari."

Bibi wa sari nyeupe akafungua kibeti chake. Alitoa noti, akaizungusha juu ya kichwa cha mwenzangu jinsi wanavyofanya kwao kuondoa kijicho, halafu akaitia kwenye kiganja cha Shangazi na kumkunja vidole. Shangazi akaitazama ile noti, akambandika mwenzangu kwenye paji la uso, akaikandamiza na kidole gumba ishike.

"Haya," akamwambia, kwa Kiswahili. "Imba, mwanangu."